Ng'ombe wa Orville

Neno ukishalitamka mbele ya Meza ya Bwana, hulirudishi. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Icilda Powell tangu siku alipopokelewa kuwa mshirika kamili wa kanisa la Peniel, kijiji cha milimani, na hakuna mtu kijijini aliyeweza kusema hakuambiwa. Aliwafundisha watoto wa shule ya Jumapili, akawakumbusha wazee wa kanisa, na mara mbili alimkumbusha mchungaji mwenyewe. Wako walioshika kanuni kama hizi kama mtu anavyoshika mwavuli, mvua ikipita wanaukunja. Icilda aliishika kama mpini wa jembe.

Ndugu Uriah Ebanks alikuwa shahidi. Miaka minne nyuma, siku ya Sikukuu ya Mavuno, alisimama mbele ya watu wote akaahidi beberu wake mweusi. Siku ya kuleta ilipofika, wachinjaji wa mjini walikuwa wanatafuta mbuzi kwa udi na uvumba, na Ebanks akaleta kuku wawili. Katika mkutano wa washirika Icilda alinyanyuka taratibu, akaiweka sawa kofia yake.

"Ndugu Ebanks," alisema, "nimehesabu miguu. Ulituahidi minne, na minne naiona. Ila nauliza, pembe ziko wapi?"

Watu walicheka hadi benchi la nyuma likalia. Kesho yake Ebanks alimleta beberu, akamfunga kwenye mlango wa kanisa bila kusalimu mtu. Tangu hapo, akikutana na Icilda njiani, aligusa ukingo wa kofia na kupita mdomo umefungwa.

Mwanamke kama huyo ndiye aliyepewa Orville.

Orville alizaliwa wakati Icilda ana miaka thelathini na tisa, baada ya binti mmoja, Merlene, na baada ya miaka mitano ya kudhani kwamba mlango umeshafungwa. Alitoka tumboni akipiga kelele na hakuonekana kuwa na haja ya kunyamaza. Alipofika umri wa miaka saba alikuwa amevunjika mkono mara moja, ameanguka ndani ya tangi la maji ya mvua mara mbili, na amempanda nguruwe wa Miss Vie, mwenye duka, kutoka dukani hadi njia panda.

Nyumbani hayo yalivumilika. Kazi ilikuwa kanisani. Orville hakukaa kwenye benchi. Aliwekwa kwenye benchi, jambo ambalo ni tofauti. Icilda angemkalisha kati yake na mumewe Ferdie, amtie peremende mdomoni, amkazie macho. Wimbo wa pili ukianza, mahali pake pamebaki joto tu. Mtoto alikuwa ameteremka chini ya mabenchi, anatambaa kwenye vumbi jekundu kati ya viatu vya watu wa Mungu. Alijua soksi ya nani imetoboka. Jumapili moja alifunga kamba za viatu vya Ndugu Ebanks, cha kushoto na cha kulia pamoja, na Ebanks aliposimama kwa ajili ya kukiri imani nusura aikiri akiwa sakafuni. Jumapili nyingine Mchungaji Swaby, mtu mpole mwenye sauti nzito, aliuliza katika mahubiri, kama wahubiri wanavyouliza bila kutaka jibu, "Nani kati yetu aliye tayari leo?" Sauti nyembamba ikatoka chini ya benchi la sita: "Mimi! Lakini nataka kwenda choo kwanza."

"Huyu mtoto, Dada Icilda," Miss Vie alimwambia siku hiyo nje ya kanisa, huku machozi ya kicheko bado yanamtoka, "ukimfunga kamba atakula kamba."

"Nitamfunga mnyororo."

"Basi atauza mnyororo!"

Icilda hakucheka. Alifinya, alichapa, alinyima pudini ya viazi vitamu. Aliomba pia. Kilichomuumiza si fedheha, fedheha aliizoea. Kilichomuumiza ni kuona kwamba maneno ya uzima yanapita juu ya kichwa cha mwanawe kila Jumapili kama upepo juu ya bati. Merlene, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikaa wima na kusikiliza. Huyu mwingine, mama yake aliamini, hakuwahi kusikia hata sentensi moja.

Ferdie aliona mambo kwa namna yake. Alikuwa mkulima wa viazi vikuu, mrefu, mwenye haraka ya kucheka na uvivu wa kukasirika. "Mwache akue, Icilda," alisema. "Hata mimi nilikuwa hivyo."

"Ndiyo maana nina wasiwasi," mkewe alijibu.

Sasa kuna ng'ombe. Siku Orville alipobatizwa, baba yake wa ubatizo, mzee Zeke, alileta ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, kama ilivyo desturi ya watu wa milima ile wenye uwezo. Akamfunga utepe, akaiweka kamba kwenye ngumi ya mtoto mchanga. "Huyu ni wako," alisema, na watu wakapiga makofi. Ndama akaitwa Pansy. Alikua akawa mtamba, akazaa, akawa ng'ombe wa maziwa ambaye hakuna mfano wake kutoka Peniel hadi bondeni. Kila asubuhi Ferdie alimkamua, na debe la maziwa likangoja barabarani lori la kiwanda.

Lakini hakuacha kuwa ng'ombe wa Orville. Icilda mwenyewe alihakikisha hivyo, maana kuna faida katika kumwambia mtoto mtukutu kwamba kitu ni chake. "Orville! Ng'ombe wako hana maji." "Orville! Nani atamkatia majani ng'ombe wako, mimi?" Na katika jambo hilo moja mtoto alitii. Alikata majani. Alimkwaruza Pansy nyuma ya masikio hadi mnyama akafumba macho. Alimsimulia habari za chini ya mabenchi.

Mwaka Orville alipokuwa na miaka saba, mwaka wa pili baada ya kimbunga kikubwa kukipiga kijiji, Merlene alifaulu mtihani wa kuingia sekondari ya mjini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Peniel kufaulu. Serikali ingelipa ada. Sare, vitabu, viatu, kitanda na chakula kwenye nyumba ya mjane mmoja huko mjini vilikuwa juu ya wazazi. Vitu hivyo vyote vilikuwa na jina moja nalo ni Pansy. Debe la maziwa, siku baada ya siku, hadi Januari na kuendelea, ndilo lingempeleka Merlene shuleni na kumweka huko. Hapakuwa na debe lingine. Ferdie alikuwa amehesabu kwa vidole, Icilda kwa kalamu, wakapata jibu lilelile.

Mambo yakiwa hivyo, Sikukuu ya Mavuno ikafika.

Jumamosi, siku moja kabla, Icilda alikaa kwenye ngazi za jikoni na kupanga viazi vikuu walivyochimba wiki ile. Alivipanga viwili viwili, vitatu vitatu, na vitano kati ya vyote vilikuwa vikubwa kama mapaja ya mtu mzima, ngozi safi, havina jeraha. Hivyo akavifunika kwa gunia. Vile vya wastani, vyenye michubuko ya jembe upande mmoja, akavipangusa vumbi na kuvitia kwenye kikapu cha kanisa, upande wa michubuko ukiwa chini.

Orville alikuwa amening'inia kichwa chini kwenye tawi la mfenesi.

"Mama, vile vikubwa vya nani?"

"Vya wateja. Mchuuzi anakuja Jumatatu."

"Na hivi?"

"Vya Mungu."

Mtoto akajigeuza, akatua chini kama paka. Akainua kiazi kimoja, akakitazama upande wa chini, akakirudisha. "Hiki kimekatwa."

"Mungu anaangalia moyo," Icilda alisema. "Hebu kamkatie majani ng'ombe wako."

Akaenda. Icilda alimaliza kupanga kikapu na hakuliwaza tena jambo hilo siku ile. Hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu alikuwa mwanamke aliyejichunguza kila usiku kabla ya kulala, akiyapitia makosa yake moja moja. Usiku ule alijichunguza kama kawaida na viazi havikutokea.

Jumapili kanisa lilinukia shamba. Miwa mizima ilifungwa milangoni, majani yake yakigusana juu kama upinde. Mashelisheli, maboga, mikungu ya ndizi, mihogo, machungwa, mayai kwenye bakuli, mkate uliosukwa kama nywele, vyote vilijaa kuizunguka Meza hadi mchungaji akawa anapita upande upande. Juu ya chumba cha shule ya Jumapili anga lilionekana. Kimbunga kilikuwa kimebeba mabati ya pale, na watoto walisoma chini ya turubai iliyovuja.

Mchungaji Swaby alihubiri juu ya kutoa. Hakupaza sauti. Alisema Mungu hana njaa, hahitaji boga la mtu. Alisema anayetoa kilichobaki amefagia tu uchafu wa jikoni mwake, na kwamba kila mtu aliyeketi pale anakijua kilicho bora kwake, hahitaji kuelekezwa na mchungaji. Kisha akatazama juu kule bati lilikokosekana, akasema kama kuna mtu anataka kuongeza juu ya alicholeta, asimame na aseme mbele ya Meza, na kitu chake kitauzwa kesho kwenye mnada wa mavuno pamoja na vingine.

Miss Vie akasimama: gunia la unga. Mtu mmoja akatoa siku tatu za useremala. Bibi mmoja akatoa jogoo, akaongeza kwamba ni mkali, atakayemnunua asije kulalamika. Watu wakacheka, wakalegea.

Icilda alishusha macho kutazama mahali pa Orville. Patupu.

Kelele ikatoka mbele, chini ya benchi la pili. Kichwa kikatokeza, nywele zimejaa vumbi na kipande cha utando wa buibui. Orville akapanda juu ya benchi kwa magoti, kisha kwa miguu, shati lake jeupe sasa lina rangi ya matofali.

"Mimi natoa Pansy," alisema.

Kicheko kikaanza pembeni, kama kinavyoanza kila mara kwa ajili ya mtoto huyo.

"Pansy ni nani, mwanangu?" Mchungaji aliuliza, naye akitabasamu.

"Ng'ombe wangu."

Kicheko kikafa. Kila mtu kanisani alimjua Pansy. Kila mtu alijua pia habari za Merlene, maana jina lake lilikuwa limesomwa kutoka mimbari ileile mwezi Agosti. Mchungaji Swaby, ambaye hakuwa mjinga, alilainisha sauti. "Asante sana, Orville. Bwana ameuona moyo wako. Keti sasa."

"Siyo moyo," Orville alisema. Alionekana kukerwa kidogo, kama mtu anayezungumza na wagumu wa kusikia. "Ng'ombe."

Kisha akateremka, akapotea tena chini ya mabenchi.

Icilda hakumtazama mumewe wala Merlene. Alitazama mbele, na huko mbele, benchi la tatu kulia, Ndugu Uriah Ebanks alikuwa amegeuka kabisa, mkono juu ya mgongo wa benchi, anamtazama yeye.

Baada ya ibada Mchungaji aliwakuta Icilda na Ferdie uani, watu kadhaa wakisogea karibu kama wanatafuta kivuli.

"Dada Icilda," Mchungaji alisema, "hili lisikukoseshe usingizi. Mtoto wa miaka saba hawezi kufungwa na neno la namna hiyo. Mimi nawaachilia. Na Bwana anawaachilia."

"Umesikia?" Ferdie alisema upesi. Kicheko chake kilikuwa kimeanza na kuishia njiani. "Mchungaji kashasema. Twende nyumbani tukale."

Ndugu Ebanks alifika, akavua kofia. Miaka minne alikuwa hajamtamkia neno. "Dada Icilda, habari za asubuhi."

"Njema, Ndugu Ebanks."

"Mimi sina la kusema," alisema. "Nimekuja kusikiliza tu." Akasimama pale, kofia mikononi, na kwa kweli hakusema kitu. Afadhali angesema.

Njiani kurudi, Icilda alimshika Orville mkono, akamwacha Ferdie na Merlene watangulie. Alikuwa na maneno tayari. Alikusudia kumuuliza kama anajua amefanya nini, kisha amweleze, kisha amchape.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ulitaka watu wakucheke?"

"Hapana, Mama." Alikuwa anarusha jiwe kwa ncha ya kiatu. "Mchungaji alisema tulete kilicho bora. Akasema kila mtu anakijua chake. Nikatazama kule mbele. Kile chetu kilikuwa kimekatwa. Vizuri vyote ni vya wateja." Akarusha jiwe tena. "Mimi sina wateja. Nina Pansy tu."

Icilda akasimama. Barabara ilikuwa tupu, na jua la mchana lilichoma ule udongo mwekundu.

"Uliyasikia mahubiri?"

"Kwani kuna mtu hasikii? Chini sauti inakuja vizuri zaidi. Inapitia kwenye mbao." Akaanza kumwambia. Akamwambia mahubiri ya siku ile, karibu neno kwa neno, hata pale mchungaji alipokohoa. Kisha ya wiki iliyopita. Kisha yale ya Pasaka, na ya siku walipomzika mzee Zeke, kwamba kaburi ni chumba ambacho kimeshafagiliwa. Aliyasema yote huku anarukaruka kwa mguu mmoja, akikwepa mistari ya magurudumu ya lori, na katikati akauliza kama kuna pudini.

Mama yake alimtazama yule mtoto mchafu, goti lina kidonda, shati halifai, akapatwa na hofu, hofu ya mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake mwenyewe akamkuta humo mgeni mkubwa ameketi. Miaka saba alikuwa amegonga mlango ambao ulikuwa wazi. Kanisa zima lilikuwa limeketi wima asubuhi ile, kofia zimenyooka, na aliyesikia alikuwa mmoja, naye alikuwa sakafuni.

Mkono wake ulikuwa umeinuliwa kumchapa. Aliutumia kumtoa utando wa buibui kichwani.

Nyumbani Ferdie hakuwa tena mtu wa kucheka. Alisukuma sahani yake ya wali na mbaazi. "Ng'ombe si wa mtoto. Hayo ni maneno ya kusema tu, kila nyumba inasema. Jirani hapo ana jogoo wa mtoto, walimla Krismasi!"

"Nimemwambia miaka saba kwamba ni wake," Icilda alisema. "Ama nilikuwa nadanganya miaka saba, ama ni wake."

"Basi ulikuwa unadanganya! Kuna dhambi kubwa zaidi duniani!"

"Zipo. Nilifanya moja jana, kwenye ngazi za jikoni."

Alimweleza habari za viazi. Ferdie alimsikiliza hadi mwisho. "Basi peleka viazi," alisema kwa upole. "Peleka vyote vitano, nitavibeba mimi. Lakini ng'ombe, Icilda. Usikilipie kiazi kwa ng'ombe. Na usiniambie ni kwa ajili ya Mungu tu. Ebanks naye yumo."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alilitazama ndani yake, na kweli Ebanks alikuwamo, na kofia yake mikononi. Lakini alijaribu kumtoa Ebanks kabisa, akamweka Orville peke yake, na jibu halikubadilika. Mtoto huyu alikuwa amesikia neno na kulifanya, mara moja, bila kutazama kushoto wala kulia. Kesho akiambiwa kwamba ulikuwa mchezo, kwamba watu wazima husema vile wakiwa wamevaa nguo nzuri kisha hurudi nyumbani kula, atasikia hilo pia. Na atalishika kama alivyoshika yale mengine. Hatasahau hata kikohozi.

Merlene alikuwa anaosha vyombo, mgongo umewageukia. Alikausha mikono taratibu, akaitundika taulo.

"Mama, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Orville ametoa ng'ombe wake. Sawa. Na mimi nani amenitoa?"

Ferdie akainama. Icilda alisema tu, "Mimi." Na baadaye, "Ni mimi, mwanangu."

Merlene aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea barua, akaenda chumbani.

Jumatatu asubuhi Orville alimsafisha Pansy kwa brashi ya sakafu na kumfunga utepe, si ule wa zamani, maana ule ng'ombe alikuwa ameula. Icilda alijitwika vile viazi vitano vikubwa, vizito hadi shingo ikakaza. Ferdie alibaki shambani; alisema ana kazi. Mtoto aliongoza ng'ombe katikati ya barabara, kifua mbele, na watu walitoka kwenye vizingiti vya nyumba zao. Hakuna aliyepiga kelele za utani. Wanaume wawili walivua kofia, kisha wakaonekana kuona haya kwa kuzivua kwa ajili ya ng'ombe.

Mchungaji Swaby alisimama langoni. Alipowaona alitaka kusema kitu, akatazama uso wa Icilda, akaacha.

Mnada ulikwenda haraka hadi zamu ya Pansy. Hapo watu wakawa kama wana ganzi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe sauti ikatoka nyuma. Alikuwa Ndugu Ebanks. Alitaja bei nzuri, bei ya haki, wala hakuna aliyeipandisha.

Akaja mbele kuchukua kamba. Orville hakuitoa mara moja.

"Usimkamue mikono ikiwa baridi," alimwambia. "Anapiga teke."

"Nitapasha moto."

"Na nyuma ya masikio. Hili la kushoto zaidi."

"La kushoto," Ebanks alirudia.

"Na tafadhali usimwimbie. Baba anaimba vibaya, nikamkataza, ndiyo maana Pansy amezoea kimya."

"Mimi siimbi." Mzee alikohoa. Akamgeukia Icilda, na watu wote wakanyamaza wasikie, maana walimngojea aseme kuhusu pembe. Alikuwa na haki ya kusema, na miaka minne ya kuandaa neno lake. Alitazama viazi vikuu miguuni pa Icilda, akamtazama mtoto.

"Dada Icilda," alisema, "zizi langu liko wazi. Aje amkwaruze wakati anaotaka." Akagusa ukingo wa kofia, akaondoka na ng'ombe.

Orville alimtazama Pansy hadi alipopinda kona. Akalia, kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, kama alivyofanya kila kitu. Alijifuta kwa mkono wa shati. Kisha akamshika mama yake sketi.

"Mama. Mwakani nitatoa nini?"

Icilda akashika nguzo ya lango. Mtoto alikuwa hatanii. Alikuwa anauliza kama anavyouliza habari za pudini, anataka kujua mapema ajiandae. Yeye aliyekuwa ameishika kanuni ile maisha yake yote aliona kwamba aliishika tu. Huyu alikuwa anaishi humo ndani, hana habari kwamba pana ukuta.

Icilda alimbeba, ingawa alikuwa mzito na mchafu na mkubwa mno wa kubebwa, akatembea naye hadi nyumbani.

Jumapili iliyofuata alimkalisha kati yake na Ferdie, akampa peremende. Wimbo wa pili ulipoanza mahali pake palikuwa patupu, naye Icilda, kwa mara ya kwanza, hakuinama kumtafuta. Alisogeza miguu yake pembeni kidogo ili apite.

Chumba cha shule ya Jumapili kiliezekwa bati jipya kabla ya Krismasi, na mvua haikuingia tena.

Januari Merlene hakwenda sekondari. Walimwandikia mkuu wa shule wakiomba angojwe mwaka mmoja, naye akajibu kwamba shule haingoji. Nafasi ikapewa msichana wa kijiji kingine. Mwaka uliofuata alikuwa amepita umri wa kupokelewa kwa miezi miwili. Akajifunza ushonaji kwa Miss Vie, aliyekuwa na cherehani dukani, akashona vizuri, na maisha yake yote aliwashonea watoto wa watu wengine sare za shule ile.